Naigeuza 109 ya mzee iwe dabo kebini, na kazi imeanza na chaki

Wale mnaoifahamu Land Rover ya marehemu mzee, ile 109 ya kijani iliyokuwa inashinda njia ya Mang'ola kwenda Karatu na vitunguu, haijauzwa na haiuzwi. Ipo hapa Arusha nyuma ya nyumba Sakina, imetolewa matairi imekalishwa kwenye stendi nne, na nimeshaamua itakuwa dabo kebini ya milango minne. Watu wananiuliza kila siku kwanini nisinunue Hilux ya kisasa nimalize. Naelewa swali lao ila hawaijui hii gari ilivyotulea.

Ni Series III ya 1976, pikapu ya chesisi ndefu. Kwenye kadi imeandikwa abiria watatu na ni kweli, mbele kuna siti tatu basi, lakini sisi nyumbani tulikuwa saba. Kwahiyo mbele anakaa mzee, na mgonjwa kama yupo, au mgeni, na sisi wengine nyuma juu ya magunia tumeshikilia fremu ya turubai. Mama alikaa nyuma miaka yote hiyo. Nakumbuka anavyofunga kanga usoni yanabaki macho, mdogo wetu yupo katikati ya magoti yake, na tukifika Karatu anashuka anajipangusa kimya kimya anaingia sokoni kama vile hajatoka kwenye vumbi la saa tatu. Sijawahi kumsikia akilalamika. Sasa hivi miguu inamsumbua, hawezi tena kupanda kwa kukanyaga tairi, na mimi nataka siku akienda Mang'ola kuangalia shamba aende na gari la mume wake, amekaa ndani, amefungua mlango wake mwenyewe.

Halafu vitunguu bado tunalima, kwahiyo gari lazima libebe mzigo pia.

Kwa asiyezijua hizi gari, Land Rover za zamani zimeunganishwa kwa bolti karibu kila kitu. Mgongo wa kebini umekaa juu ya ukingo wa bodi ya nyuma umefungwa kwa bolti, paa limefungwa kwa bolti, milango inatoka na bawaba zake, ukiwa na spana ya nusu inchi na ya 7/16 na mtu mmoja wa kukusaidia kunyanyua unaweza kuamka asubuhi una pikapu ukalala jioni huna kebini kabisa. Na kiwanda chenyewe kilitengeneza 109 ya station, yaani ya abiria iliyofunikwa mpaka nyuma, yenye milango minne ubavuni kwa chesisi ya urefu uleule, inchi 109 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, yaani mita 2 na sentimita 77. Kwahiyo mwanzoni akili yangu ilikuwa nyepesi sana, nikasema natafuta milango ya nyuma ya station, natafuta nguzo zake za katikati na za nyuma, nafupisha bodi, nahamisha mgongo wa kebini unarudi nyuma, nafunga, kwisha. Nilikuwa nimeshaanza mpaka kuulizia Nairobi kule Grogan maana Series III ziliunganishwa Thika na Kenya spea zake bado unazipata kuliko huku.

Aliyenisimamisha ni fundi mmoja mtu mzima wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha ambaye kazi yake miaka yote ni kurefusha Land Cruiser za utalii. Hawa mafundi wa Arusha watu wengi hawajui wana utaalam gani, wanachukua pikapu mpya ya Land Cruiser wanaikata chesisi katikati wanaongeza kipande wanajenga bodi ya siti saba au tisa na paa la kufunguka, na gari hiyo inaenda Serengeti kila wiki kwenye barabara ya mawimbi miaka kumi. Mimi mwenyewe ni dereva wa utalii, naendesha gari zao, kwahiyo nilimpelekea kama mtu ninayemwamini. Nikamwamkia, nikamweleza mpango wangu, akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza swali moja tu, "Mdogo wangu, vitunguu vitakaa wapi?"

Nikamwambia nyuma. Akasema nyuma ya nini?

Sikumwelewa. Akaja nyumbani jumapili baada ya ibada na timazi, futi na chaki. Akaning'iniza timazi kwenye kitovu cha ekseli ya nyuma, akapiga mstari wa chaki sakafuni kukatisha gari, akasema huo mstari ndo gari lako, mengine yote ni mapambo. Kisha tukapima. Bodi ya nyuma kwa ndani ina kama mita 1 na sentimita 85. Kutoka kwenye mstari wa ekseli kwenda nyuma mpaka mlango wa bodi ni karibu sentimita 95, na kwenda mbele mpaka kebini ni kama 90, yaani mzigo umegawanyika karibu nusu kwa nusu, nusu mbele ya ekseli nusu nyuma yake. Ndo maana mzee alikuwa anapakia lumbesa na gari halinyanyui pua.

Sasa akachora kebini ya pili. Siti ya nyuma na nafasi ya miguu inakula sentimita 85 angalau, na hapo ni kubana. Toa 85 kwenye 185 inabaki mita moja. Na hiyo mita moja iko wapi? Akapiga mstari mwingine wa chaki na kila mtu pale akaona kwa macho, mita moja yote imebaki nyuma ya ekseli, mbele yake kuna sentimita tano tu. Yaani kila gunia nitakalopakia litakuwa linaning'inia nyuma ya matairi linainua pua ya gari, stelingi inakuwa nyepesi, breki za mbele zinakosa uzito, na hapo unashuka mteremko wa Rhotia una familia ndani. Nilikaa kimya kwakweli. Ningeijenga hiyo gari na ingependeza kwenye picha, halafu ingekuja kuniua.

Tukafanya jambo lingine ambalo namshauri yeyote mwenye mpango kama huu alifanye kabla hajatoa hata senti. Tulichukua kreti mbili za soda tukaweka ubao juu pale siti ya nyuma itakapokuwa kwenye mchoro wa chaki, tukaweka kiti cha mbele mahali pake, nikamwita mama. Akaja akakaa. Magoti yake yakagusa mgongo wa kiti cha mbele. Mlango tulikuwa tumeuchora pia kwa chaki, na akijaribu kutoka mguu wa nyuma unakwama pale matao ya tairi yanapoanzia, inabidi aupinde mguu, na ndo huo mguu wenye shida. Hakusema kitu, alijaribu mara ya pili kwa taratibu zaidi. Nikasema basi, chesisi tunairefusha.

Kumbe hata kiwanda kilifika hapohapo. Miaka ya 80 walipotaka kutoa Land Rover ya milango minne yenye bodi ya mzigo nyuma, walichukua chesisi ya 110 wakaikata wakaongeza inchi 17 wakaiita 127, ikaja kubadilishwa jina kuwa 130 mwaka 1990. Waliona kama tulivyoona kwenye sakafu ya Sakina kwamba watu sita na mzigo haviingii kwenye inchi 109. Sisi tunaongeza sentimita 45, inakuwa mita 3 na sentimita 22 ekseli kwa ekseli, bodi inabaki na mita 1.45, na karibu sentimita 50 zake ziko mbele ya mstari wa chaki. Siyo nusu kwa nusu kama ya mzee ila mzigo mzito utawekwa kule mbele na vyepesi nyuma. Gari itakuwa ndefu, kona zitahitaji nafasi zaidi, na kwenye matuta makali tumbo litagusa mapema. Nayakubali yote hayo. Mang'ola hakuna mahali tunapita panapohitaji kupanda mawe.

Kabla ya kukata chochote tulienda kuikagua chesisi yenyewe, na hapa ndo niliumia.

Chesisi ya Series ni boksi, yaani mbao nne za chuma cha kama milimita 2 zimechomelewa kwenye pembe zikawa mfereji uliofungwa. Kutu yake inaanzia ndani ambako huoni. Mwaka 2013 mzee aliipeleka kwenye gereji moja, sitaitaja, akalipia kubadilishiwa vipande viwili vya chesisi upande wa kulia, na alilipa kwa kuuza ng'ombe, hilo nalijua maana nilikuwepo siku ng'ombe anatolewa. Fundi wangu akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga toka mbele kurudi nyuma, taratibu kila baada ya upana wa kiganja, sauti inarudi kali, ti, ti, ti, mpaka alipofika usawa wa hangaa, pale springi ya nyuma kulia inaposhikia kwenye chesisi, sauti ikabadilika ikawa kama umegonga debe lenye mchanga. Akachukua bisibisi akasukuma kwa mkono tu na ikaingia mpaka kwenye mpini. Tulipopiga grainda tukakuta rangi nyeusi, chini ya rangi ni puti, chini ya puti ni kipande cha bati cha kopo kimebandikwa, chini ya bati ni unga mwekundu. Kipande kipya hakikuwekwa kabisa. Mzee aliendesha miaka na familia yake mgongoni kwenye chesisi ambayo imeshikiliwa na rangi. Nimekipiga picha, nimekiweka, na kila fundi atakayegusa hii gari nitamwonyesha kwanza.

Kwahiyo mpango umebadilika. Kuanzia nyuma ya krosi-memba ya giaboksi, yaani chuma cha kukatisha kinachounganisha pande mbili za chesisi, mpaka mwisho, reli zote mbili, zile boksi ndefu za pembeni, tunajenga mpya kwa chuma cha milimita 3, na ile sentimita 45 inazaliwa humohumo badala ya kuongeza kiraka kwenye kitu kilichooza. Kazi ni kubwa zaidi ila ni safi zaidi. Kiungo cha zamani na kipya hakitakatwa wima moja kwa moja, kitakatwa kwa mshazari, upande wa juu na wa chini visikutane sehemu moja, na ndani inaingia shati ya chuma inayopita pande zote mbili za kiungo. Kabla ya kukata, fundi anachomelea mabomba mawili ya kuishikilia chesisi mbele na nyuma isicheze, na wakati wa kuchomelea anaruka, kipande kidogo kulia, kipande kidogo kushoto, anasubiri chuma kipoe, maana ukikimbilia kumaliza upande mmoja joto linaivuta chesisi inapinda na gari litatembea kama kaa maisha yake yote. Kila hatua tunapima msalaba, kona ya mbele kulia kwenda ya nyuma kushoto na kinyume chake, vipimo vikitofautiana tunasimama.

Propela shafti ya nyuma nayo inarefuka, na hii naomba mnisikilize wenye Series. Hendibreki ya hizi gari haibani magurudumu, inabana shafti pale inapotoka kwenye kasha la gia la pili. Kwahiyo joint ya propela ikikatika ukiwa umepaki mlimani hendibreki inashika kitu ambacho hakijaunganishwa na tairi, gari linaondoka. Shafti ndefu ya kipande kimoja inayumba ikizunguka kwa kasi na inakula joint. Tumekubaliana vipande viwili na senta bearing ya kuishikilia katikati kwenye krosi-memba yake, kama wanavyofanya kwenye zile za utalii walizorefusha sana, ikasawazishwe kwenye mashine kabla ya kufungwa, na mimi nitatembea na gogo la kuweka kwenye tairi kama mzee alivyokuwa anafanya. Nilikuwa nadhani lile gogo ni tabia tu ya wazee.

Bodi sasa. Mabati ya Land Rover mengi ni aluminiamu, walianza hivyo 1948 kwasababu baada ya vita chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza, na ndo maana bodi ya gari la 1976 bado ipo nzima wakati chesisi imekuwa unga. Ila aluminiamu haichomelewi na ile mashine ya kawaida ya mtaani, na ikigusana na chuma kwenye unyevu inaliwa inakuwa unga mweupe. Kwahiyo kila mahali vinapokutana tunaweka raba au rangi ya kutosha katikati, na viungo vya bodi tunapiga ribiti kama kiwanda walivyofanya. Mtu asije akaniambia tujaze puti. Neno hilo sitaki kulisikia.

Milango ya nyuma nimeipata, miwili ya station, inatoka Nairobi kupitia Namanga wiki ijayo Mungu akijalia. Ya kwetu haina haja ya kukaa karibu na tao la tairi maana ekseli imesogea nyuma, na hilo ndo lilinifurahisha kuliko yote tulipochora upya, mlango wa mama unafunguka wote na hakuna tao linalokatisha pale anapokanyagia. Tunaongeza na kipande cha ngazi chini ya mlango, bomba bapa, kimo cha sentimita 35 toka chini. Tulipima na kreti ya soda hiyohiyo.

Mikanda ya siti ya nyuma ilinipa usiku mmoja wa kufikiria. Ukiifunga kwenye sakafu ya aluminiamu siku ya ajali inang'oka na sakafu yake. Tutatembeza chuma cha pembe toka reli moja ya chesisi hadi nyingine chini ya siti, mikanda inashika hapo, bolti nene zinapita kwenye sakafu tu kama njia. Za juu zinashika kwenye nguzo ambazo ndani tunaweka bomba la chuma. Mikanda mitatu nyuma, mitatu mbele. Mbele haikuwa na hata mmoja uliokuwa unafanya kazi.

Paa ninalolitaka ni lile la tabaka mbili, la nchi za joto, ambalo juu ya paa kuna paa lingine na upepo unapita katikati. Nimeahidiwa moja refu la station tulikate nyuma ya siti ya pili tulifunge na mgongo wa kebini yetu ya zamani. Ule mgongo siubadilishi, una kioo kile kidogo ambacho sisi watoto tulikuwa tunagonga mzee asimame.

Injini naiacha kwanza. Ni ile dizeli ya 2.25, nguvu farasi 62 hivi ikiwa mpya, na ya kwetu siyo mpya. Kila mtu ananiambia weka 300Tdi, ile dizeli ya turbo ya Land Rover za baadaye, na ni kweli ingefaa, ina farasi 111 na nafasi ya kuikalisha ipo. Lakini hela ni moja na nikiigawa chesisi itafanywa nusu. Breki zinakuja kabla ya injini. Hizi ni dramu magurudumu yote manne, gari linaongezeka watu watatu na kebini nzima, kwahiyo silinda zote mpya, paipu zote mpya, lainingi mpya na servo ya kuongezea nguvu mguu kwenye breki. Kupanda Rhotia polepole hakumdhuru mtu.

Na kadi. Usirefushe gari ukakaa kimya. Kadi yangu inasema pikapu, abiria watatu, na uzito wake, vyote vitatu vinabadilika. Namba ya chesisi ipo kwenye kipande cha mbele ambacho hatukigusi, nilimwambia fundi hiyo sehemu hata grainda isisogee, na nimeipiga picha kabla, nitaipiga wakati wa kazi na baada, na risiti za chuma natunza. Ikikamilika inaenda kukaguliwa na trafiki halafu TRA kubadilisha taarifa, ndo inaingia barabarani. Na bima nawaambia ukweli kwamba ni siti sita na chesisi imeongezwa.

Hapo ndo tulipo. Jumamosi hii tunatoa injini na giaboksi ili chesisi ibaki tupu, na fundi amesema siku hiyo niwe na watu wanne wa kunyanyua, wenye nafasi karibuni Sakina, chakula kipo. Mistari ya chaki bado ipo sakafuni, mvua ya juzi ilifuta kidogo upande wa nyuma mama akairudishia mwenyewe kwa kipande cha mkaa.